Kipimo cha Mteremkoni

Wageni wakija kwangu huangalia picha zilizo ukutani, kisha huuliza viatu viko wapi. Mtu aliyeruka miruko mitatu kwa niaba ya taifa, aliyepanda ndege mara nne na kuiona theluji kwa macho yake, wanatarajia awe ameviweka viatu vyake vya misumari kwenye kabati la vioo. Nawajibu kwamba vimekamatwa. Wakidhani ni polisi nawaacha wadhani hivyo kwa muda, kwa sababu mgeni mwenye wasiwasi hali sana. Halafu nawaambia ukweli: viatu vyangu vilikamatwa na mtani wangu, na sijavikomboa hadi leo.

Mtani huyo alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi kule Mgeta. Alitoka Tabora, Mnyamwezi wa damu, na sisi Waluguru tumetaniana na Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Siku aliyofika aliteremka kutoka kwenye lori la mboga, amevaa suruali iliyopigwa pasi, ameshika mwavuli mpya. Mama yangu alikuwa pale na matenga yake ya kabichi. Alimwuliza kabila lake, akajibiwa, na kabla mwalimu hajafunga mdomo mwavuli ulikuwa umeshahamia kwapani kwa mama. Mwalimu hakukasirika. Aliomba ruhusa ya kuukomboa, mama akataka chumvi, chumvi ikaletwa jioni ileile, na mwavuli ukarudi.

Nalieleza hili kwa sababu siku hizi vijana wanadhani utani ni kuchekeshana tu. Una sheria zake. Mtani akikamata kitu chako hununi wala huendi kushitaki. Unakikomboa kwa kile anachotaka yeye, hata kama ni kitu cha taabu. Naye mtani, hata umkosee vipi, haruhusiwi kukuwekea kinyongo.

Mwalimu alitutania kila asubuhi. Alisema Waluguru wote mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine kwa kutembea kwenye miteremko, na kwamba Mluguru akifika Dodoma lazima azunguke duara. Nasi tulimjibu kwamba Mnyamwezi akipanda mlima huomba machela. Tulimpenda kupita kiasi. Yule mtu angetuambia tuuhamishe mlima, tungekwenda kuleta majembe.

Alikuwa na kijitabu cha riadha kisicho na jalada, na kutoka humo alitufundisha kila kitu. Shida ilikuwa uwanja. Kwetu tambarare haipo. Mpira wa miguu tulicheza kwenye ubavu wa mlima, na golikipa wa upande wa chini alichaguliwa kwa mbio zake, maana bao likifungwa ni yeye aliyefuata mpira bondeni. Mwalimu alitafuta mahali pa kurukia wiki nzima, mwishowe akachagua ukanda ulioteremka kutoka nyuma ya darasa hadi kwenye mfereji. Mchanga haukuwepo. Shimo tulilijaza maganda ya maharage, na kila mruko ulitoa vumbi lenye harufu ya jikoni.

Kipimo kilikuwa kamba ya katani. Aliilowesha, akaining'inizia jiwe, akaiacha juani siku saba ili ivutike mpaka ikome kuvutika, kisha akaifunga fundo kila mita kwa kutumia rula ya ubaoni. Sijapata kumwona mtu akifunga fundo kwa makini namna ile. Alipomaliza alitupa tuishike, akatuambia kwamba mtu akikosa mali anaweza kuitafuta, lakini akikosa kipimo hata jirani hatamwamini.

Mimi niliipenda miruko mitatu kwa sababu nilikuwa naijua kabla sijafundishwa. Unaruka kwa mguu mmoja, unatua kwa mguu uleule, unaruka tena ukatua kwa mguu wa pili, halafu unajirusha mchangani. Wenzangu walichanganyikiwa pale pa kutua kwa mguu uleule. Mimi nilikuwa nikimbebea mama tenga la kabichi kwenda kwenye malori tangu nina miaka minane, na kwenye njia zetu, penye utelezi, usipojua kuurudia mguu mmoja mara mbili kabichi zinafika kabla yako.

Siku ya kupima kwa ajili ya mashindano niliruka mruko ambao naukumbuka hadi sasa, upepo masikioni, mlima mzima ukipanda huku mimi nikishuka. Mwalimu alishika kamba kwenye ubao wa kurukia, mimi nikaishika upande wa shimo, ikalala na ardhi kama tulivyozoea kupima mashamba yetu. Ilisoma fundo la kumi na sita na shibiri moja. Mwalimu akapima tena. Akapima mara ya tatu. Kisha akaandika kwenye fomu iliyotoka mjini. Fomu ile ilikuwa na nafasi ya jina, umri, mchezo na kipimo. Haikuwa na nafasi ya kuandika mlima, na wala hakuna aliyefikiria kwamba mlima unahitaji kuandikwa. Kwetu ardhi huteremka tu, kama mvua inavyonyesha kwenda chini.

Wiki mbili baadaye niliitwa kambini Morogoro. Mama alinipikia viazi, mjomba alinipa koti lake, mwalimu akanisindikiza hadi kwenye lori. Hakunihutubia. Aliniambia tu nikitua nisikae kwa matako.

Uwanja wa mjini ulinitisha. Nilikuwa sijapata kuona ardhi iliyolala mahali pamoja, ndefu namna ile, bila kwenda popote. Hapo hapo, kabla sijavua koti la mjomba, nilielewa kilichotokea. Ofisa wa michezo, bwana mrefu mwenye kofia na utepe wa chuma, aliwaita watu waje wamwone kijana wa Mgeta ambaye kipimo chake kiliipita rekodi ya taifa. Walikuja wengi. Niliruka mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa kama mtu anayetafuta ngazi gizani na kukuta sakafu. Utepe ulisoma mita kumi na mbili na kidogo.

Watu walicheka, na sikuwalaumu. Ofisa hakucheka. Aliniuliza nani alipima kule kwetu. Nikasema mwalimu. Akauliza kama mwalimu alijua kupima. Nikanyamaza. Akasema basi huyu mwalimu ametunga, amepika kipimo ili shule yake ijulikane, na akanitazama akingoja neno langu.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Nilitakiwa kusema: uwanja wetu ni mteremko. Sikulisema. Vijana wa mjini walikuwa wameshaanza kunicheka kwa koti na kwa lafudhi, nikaogopa kwamba nikitaja mteremko nitapandishwa kwenye lori jioni ileile na kurudi kwenye kabichi. Niliinamisha kichwa. Ofisa alikichukua kichwa changu kilichoinama kuwa ndiyo.

Mimi nilibakizwa kambini, kwa sababu mmoja wa makocha aliupenda mguu wangu wa kurudia. Barua ya ofisa, iliyosema kipimo kimepikwa, ikapanda Mgeta. Mwalimu alihamishwa kabla ya mavuno, akapelekwa kwenye kijiji kipya cha Ujamaa huko tambarare, ng'ambo ya Kingolwira, na akakatazwa kushughulika na michezo ya shule yoyote. Mama ndiye aliyenipa habari. Alisema siku ya kuondoka mwalimu alimwachia mwavuli wake bila kunyang'anywa.

Miaka iliyofuata ndiyo ile ya kwenye picha. Nilijifunza ardhi ya tambarare polepole, kama mtu anayejifunza kula kwa mkono wa kushoto. Nilipata kazi kiwandani, nikapewa ruhusa ya mazoezi, nikavaa jezi ya taifa. Nje nilikwenda mara nne. Mara zote nilishika nafasi ambazo gazeti huziandika chini kabisa, karibu na bei ya ng'ombe. Mara moja nilikuwa wa tisa, na wanaoingia fainali ni wanane. Nililia nyuma ya basi, nikafutwa machozi na mrusha mkuki mwenzetu ambaye naye alikuwa wa mwisho. Mruko wangu bora katika maisha yangu yote ulizidi kidogo mita kumi na tano. Kila utepe ulipovutwa nilikuwa naona kamba ya katani.

Nilichukua miaka minane kwenda kumwona. Naandika minane ili nione aibu nikiisoma.

Goti langu lilikuwa limeanza kunung'unika, na ilikuwa wiki moja kabla ya kambi ya safari ya tano. Nilishuka kituo cha Kingolwira nikiwa na mfuko mmoja, nikatembea kwa miguu hadi kijijini. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari miwili, za udongo na makuti, na shule ilikuwa na kuta tatu. Wanakijiji walionielekeza walimsifu sana mwalimu, ila walikuwa na lalamiko moja. Mashamba ya bega kwa bega yalikuwa yanagombaniwa kila msimu, viwanja vya nyumba vilikuwa vinaingiliana, na mtu pekee mwenye kamba nzuri hakubali kupima. Kila wakimwomba huwajibu kwamba kipimo chake kina barua.

Nilimkuta barazani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitania kwamba anaona nimefika bila kuzunguka duara. Mkewe alileta uji. Ukutani nyuma yake kamba ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, imekunjwa vizuri, ina vumbi. Niliuweka uji chini. Nilimweleza yote, uwanja, kofia ya ofisa, koti la mjomba, kichwa nilichokiinamisha. Nilimwambia nilijua na nikanyamaza.

Alikunywa uji wake hadi mwisho, wangu ukafanya utando. Kisha akaniuliza kama viatu ninavyorukia nimekuja navyo. Nikavitoa mfukoni. Alivigeuza, akaigusa misumari mmoja mmoja kwa kidole gumba, akasifu ngozi. Akasimama, akavifunga kamba zake pamoja, akavitundika kwenye msumari uleule wa kamba ya katani.

"Hivi vimekamatwa, mtani," akasema.

Nilidhani anatania, na kweli alikuwa anatania, ndiyo maana sikuwa na la kufanya. Nilimwambia nina safari. Nikaahidi sukari, nikaahidi kitenge kwa mkewe, nikaahidi mbuzi. Alikataa vyote kwa furaha kubwa. Masharti yake yalikuwa haya: nimletee mtu atakayefika fundo la kumi na sita na shibiri moja, kwenye tambarare, mbele ya watu walewale walioniona mimi. Siku hiyo nitapata viatu vyangu. Nikamkumbusha kwamba hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko. Akasema basi itabidi nifundishe.

Viatu vya namna ile wakati huo hukuvipata dukani. Nilirudi Morogoro mikono mitupu, nikamwambia daktari wa kambi kwamba goti limekataa, na wala sikudanganya sana. Ndivyo nilivyokuwa kocha. Wengine huandika kwamba waliitwa na kipaji au na nchi yao. Mimi nilinyang'anywa viatu.

Nilianza na vijana wanne, nikabakiwa na mmoja. Alitoka Mgeta, kitongoji cha juu ya kwetu, ana miguu kama ya korongo na mdomo usiotulia. Mazoezi yetu nilikwenda kuyatafuta kulekule nilikotoka. Nilimteremsha kwenye njia za kabichi na tenga kichwani, mguu uleule mara mbili, mpaka wachuuzi wakazoea kumpisha. Lakini kupima nilimpima uwanjani mjini tu. Akija kuniambia ameruka umbali fulani mlimani, nilimwambia akamwambie mama yake. Nilikuwa mkali, nakiri. Nilimpenda kijana yule na nilimchosha, na mara moja alinitupia tenga akaenda zake siku tatu. Nilimfuata, nikamwomba radhi, nikamsimulia habari ya viatu. Tangu hapo hakukosa mazoezi hata siku moja, ila alianza kuniita rehani, eti aliyekamatwa ni mimi, si viatu.

Ilituchukua miaka mitano. Alipofika mahali ambapo mita kumi na sita si ndoto, nilimpelekea mwalimu ujumbe aje kwenye mashindano ya mkoa, na kamba yake aje nayo. Alikuja kwa treni, mvi zimemjaa, amevaa kaunda suti ya kijivu. Chini ya kwapa alishika kamba. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu nikaona soli za viatu vyangu. Yule ofisa wa zamani alikuwa amestaafu lakini alikuwepo, kwenye kiti kando ya shimo la mchanga, kofia ileile, kwa sababu watu kama yeye huwa hawakosi. Nilimwomba mwamuzi atuachie mwalimu apime kwa kamba baada ya utepe wake. Akakubali, akidhani ni sherehe za wazee.

Kijana wangu aliharibu mara mbili. Mara ya tatu alikimbia vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, akapiga ubao, akarudia mguu, akavuka, akaruka. Hata kabla ya kupima nilijua kwamba hakuna mtu wa nchi yetu aliyewahi kutua pale.

Mwamuzi alivuta utepe, akaandika. Kisha mwalimu akapiga goti kwenye ubao na kuishika kamba, mimi nikaupeleka mwisho wa pili kwenye alama mchangani, kama siku ile. Alama ililipita fundo la kumi na sita kwa vidole vinne. Shibiri moja haikufika. Upungufu ulikuwa kama urefu wa kiganja.

Watu walikuwa wamekwishaisikia hadithi ya viatu, maana kijana wangu hana siri. Wakaanza kumwomba mwalimu anirudishie. Mpe, mwalimu, kiganja ni nini. Mimi nilikuwa nimeinama mchangani, nimeshika mwisho wa kamba, viatu vyangu vikiwa hatua chache kutoka kwangu, na miaka mitano yote imo kwenye kiganja kile. Nikamwendea, nikasema kwa sauti ya chini kwamba akiilegeza kidogo tu hakuna atakayejua.

Hakuwa na hasira.

"Mara ya kwanza ulikaa kimya nikaitwa mwongo," akasema. "Leo unataka niwe mwongo kweli?"

Nilijua kosa langu nimelirudia, kwa mguu uleule. Akasimama, akawageukia watu, akatangaza kwa sauti ya darasani kwamba kijana ameruka vizuri sana, ameruka mita kumi na sita na vidole vinne, na kwamba hajafika.

Ofisa alikuwa amesikia yote. Aliinuka kwenye kiti chake kwa shida, akamwomba mwamuzi utepe, akaulaza mwenyewe kando ya kamba, kuanzia ubaoni. Aliinama kwenye kila fundo. La kwanza, la pili, la tatu, hadi la kumi na sita, akitembea kwa magoti mchangani na suruali yake nzuri. Hakuna fundo lililohama. Alipofika mwisho aliuliza kama kamba hii ndiyo ile ya Mgeta. Mwalimu akasema ndiyo. Akauliza, basi ilikuwaje siku zile. Safari hii sikungoja niangaliwe. Nikasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa upande wa pili wa uwanja waliisikia, kwamba uwanja wetu ulikuwa mteremko, na kwamba nililijua hilo siku ileile nikanyamaza.

Ofisa alivua kofia.

"Basi barua ya uongo niliiandika mimi," akamwambia mwalimu.

Mwalimu alisema haidhuru, kisha akakunja kamba yake taratibu. Nilimsindikiza hadi stesheni. Kijana wangu alibeba kikapu, na njia nzima alimbembeleza mwalimu kuhusu viatu, akaambulia kutaniwa miguu yake. Treni ilipoondoka viatu vilikuwa kwenye kikapu vikirudi vilikotoka, na mimi nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetua tenga.

Baada ya mwezi nilikwenda kumtembelea. Nilibeba sukari, bila matumaini yoyote. Barazani hakukuwa na mtu. Ukutani, kwenye msumari, viatu vyangu vilikuwa vinaning'inia peke yao. Mkewe alitoka akanikaribisha, akaona ninapotazama.

"Mtani wako hayupo," akasema. "Amekwenda kuwapimia watu viwanja. Wamempangia zamu mpaka wiki ijayo."

Nikakaa barazani nikamsubiri.